Taa Ikikataa, Balbu Mpya Ikae Mfukoni Kwanza

(Wengi mlikosa kufika kwenye mkutano wetu wa wapenzi wa magari ya zamani, mkaniomba niweke niliyosema. Nimeyaweka yote kama yalivyotoka mdomoni, hata pale nilipozunguka. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha, nimejaribu kuisema kwa maneno.)

Habari za jioni ndugu zangu. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana mliojazana kule mlangoni sogeeni, viti vipo.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kununua balbu mpya, akaifunga, akawasha, ikawaka vilevile kama ile aliyoitoa? Nyoosheni mikono, msione aibu. Mmoja, wawili, watano... haya naona hata mafundi wenyewe wamenyoosha. Na mimi nanyoosha wangu.

Mlipokuwa mnaingia mmelipita gari la kijani hapo nje. Mwenyewe yupo humu ndani, ameniambia taa ya kulia inawaka kama kibatari kilichoishiwa mafuta na ya kushoto iko sawa, na amekuja na balbu mpya mfukoni. Nimemwambia ikae humo humo mfukoni kwanza. Sijaligusa hilo gari, sijui lina nini, tutatoka wote tukalione nikimaliza.

Sasa mimi leo nina jambo moja tu, nitalizungusha zungusha lakini ni hilo hilo moja: umeme wa taa unakwenda na unarudi, na gari likishazeeka tatizo huwa liko njiani mara nyingi kuliko kwenye taa yenyewe. Njiani jamani! Kwa hiyo kazi yetu ni kuifuata njia. Tusikisie, tusibadilishe kitu kwa sababu jirani alibadilisha chake kikapona.

Niwape kisa changu. Gari langu la kwanza la zamani lilikuwa dogo la mwaka 1968, nililipenda kuliko akili yangu ilivyokuwa inaruhusu. Usiku mmoja nawasha dimu, ule mwanga wa chini, taa ya kushoto inatoa wekundu wekundu, ya kulia inawaka vizuri tu ila kuna kamwanga kengine ndani yake ambako sikuwahi kukaona, alafu kale kataa ka buluu ka kuonyesha fuli, ule mwanga wa mbali, kwenye dashibodi nako kanawaka kwa mbali, na mimi sijaweka fuli. Nikajisemea hii ni swichi, imechanganya dimu na fuli. Nikatafuta swichi wiki nzima nikaifunga, hali ile ile. Nikabadilisha balbu, hali ile ile. Nikaanza kuchimba nyuma ya dashibodi, na nyinyi mnajua nyuma ya dashibodi ya gari la zamani kulivyo, ni kama kiota cha ndege aliyechanganyikiwa.

Akaja mzee mmoja fundi, marehemu sasa. Hakufungua kitu. Aliuliza tu, "Kataa ka buluu kanawaka?" Nikamwambia ndio mzee. Akacheka. Akachukua kipande cha waya kama mita moja na nusu, upande mmoja akaubana kwenye terminali hasi ya betri, upande wa pili akaugusisha kwenye ule mguu wa ethi, yaani wa kurudishia umeme, nyuma ya balbu ya kushoto. Taa ikapiga mwanga mweupe peee, na kale ka buluu kakazimika papo hapo.

Sasa ilikuwaje? Sikilizeni hapa maana ukielewa hili umeelewa nusu ya matatizo yote ya taa. Balbu ya taa kubwa ina nyuzi mbili ndani, mmoja wa dimu na mmoja wa fuli, na zote mbili zinatumia mguu mmoja wa kurudia, ethi. Huo mguu ukikatika umeme unaingia kwa uzi wa dimu kama kawaida, unafika mlangoni unakuta pamefungwa. Unafanyaje? Unageuka, unapita kwenye uzi wa fuli kinyumenyume, unapanda waya wa fuli mpaka taa ya upande wa pili, unapita kwenye uzi wa fuli wa huko na kwenye kataa ka buluu, ndio unapata pa kurudia. Nyuzi tatu zimejipanga mstari mmoja zinagawana volti 12, kila mmoja unaambulia kama volti 4 hivi. Ndio maana kila kitu kinawaka lakini hakuna kinachowaka vizuri. Kwa hiyo ukiona taa zinafanya vituko, ukiwasha hiki kinawaka kile, indiketa ikipiga na taa ndogo inacheza nayo, akili yako iende wapi? Ethi! Kabla ya swichi, kabla ya balbu, ethi.

Na ethi inaharibikaje? Kutu, hilo mnalijua. Lakini kuna adui mwingine ambaye tunamleta wenyewe kwa gharama zetu, naye ni rangi. Rafiki yangu mmoja alilifufua gari lake kwa miaka mitatu, akalikwangua mpaka bati, akapiga rangi unaweza kujiangalia ukanyoa ndevu. Siku ya kwanza kuwasha taa, giza. Alikuwa karibu kulia. Tukaanza kuangalia, kumbe zile sehemu ambazo waya wa ethi unafungwa kwenye bodi, ndani ya madigadi, zote zimepigwa praima na rangi na varnishi juu yake, bolti imekazwa vizuri kabisa juu ya ngozi nene isiyopitisha umeme. Alichofanya ni kukwangua duara ndogo kama kifungo cha shati pale chini ya bolti mpaka bati ling'ae, akaweka washa yenye meno, akakaza, akapaka grisi kwa juu ili kutu isirudi. Dakika 20. Taa zote mbili. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanavuta waya wa ethi kutoka kwenye kila taa mpaka betri moja kwa moja, na mimi nasema hao wana akili kwa sababu bodi ya gari la miaka 50 siyo waya, ni vipande vya bati vilivyoshikana kwa mazoea.

Tuendelee. Nani ana mita humu? Ya kupimia umeme. Wengi, safi. Sasa nani ameshawahi kudanganywa na mita yake?

Kijana mmoja alinipigia saa tatu usiku, "Kaka, soketi ina volti 12, balbu ni nzima nimeijaribu kwenye betri inawaka, ethi nimeiunga upya, taa haiwaki, hili gari lina mapepo." Nikamuuliza swali moja, ulipopima balbu ilikuwa imechomekwa au umeichomoa? Akasema nimeichomoa, si ndio nipate pa kugusa. Nikamwambia ichomeke, washa, alafu pima tena kwa nyuma ya soketi. Kimya kidogo, alafu nikasikia, "Kaka, imeshuka mpaka volti 2!" Alifuata ule waya, chini ya betri pale tindikali huwa inadondokea, ukiuangalia kwa nje ganda zima kabisa, akalichana ndani akakuta vinyuzi vyote vimeshaliwa vimebaki unga wa kijani, viwili tu ndio vimeshikilia.

Fikirieni bomba la maji lililoziba na uchafu ndani. Ukifunga koki presha ipo, ukipima utaona presha nzuri tu, fungua koki uone, yanatoka machozi. Mita haili umeme wowote wa maana, kwa hiyo mbele yake hata vinyuzi viwili vinatosha. Balbu ya wati 55 inataka karibu ampea 4.6, vinyuzi viwili vitazitoa wapi? Kwa hiyo nawaomba sana: pima ikiwa na mzigo. Taa imewashwa, balbu imechomekwa, ndio unapima. Narudia kwa wale waliokuwa kwenye simu zao, taa imewashwa, balbu imechomekwa.

Na unapima hivi. Mita iweke volti za dc. Mkono mmoja wa mita kwenye terminali chanya ya betri, wa pili kwenye mguu wa balbu unaoleta umeme, taa inawaka. Namba utakayoiona ndio volti zilizopotea zikienda. Alafu mkono mmoja kwenye mguu wa ethi wa balbu na mwingine kwenye hasi ya betri, hiyo ni hasara ya kurudi. Basi, namba mbili. Mimi kwenda nikiona chini ya nusu volti nafunga boneti, kurudi nataka chini ya 0.2. Nikiona volti 1.5 au 2 zimepotea kwenye kwenda nasogeza mkono wa mita hatua kwa hatua kurudi nyuma, kwenye konekta, kwenye dipa ile ya kubadilisha fuli na dimu, kwenye swichi, kwenye fyuzi, mpaka nipate pale namba inaporuka. Pale pale ndio mwizi amekaa. Mwenye gari la ethi chanya, yaani bodi imeungwa kwenye chanya ya betri, ageuze hiyo habari, njia ni ile ile majina ndio yanabadilika.

Mtu atasema aah volti moja na nusu ni nini bwana. Ni nyingi! Mwanga wa balbu hauteremki ngazi kwa ngazi na volti, unaanguka. Volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Balbu ya volti 12 ukiipa 10 unabaki na kama nusu ya mwanga, nusu, na hapo hapo umekaa unalaumu macho yako kwamba umezeeka. Na wenye magari ya volti 6 poleni zaidi, Volkswagen Beetle kwa mfano zilitoka kiwandani na volti 6 kwa miaka mingi mpaka miaka ya 60, humo volti moja tu ikipotea ni moja ya sita imekwenda, na kwa wati zile zile ampea zinakuwa mara mbili, kwa hiyo kila kutu inauma mara mbili. Ndio maana gari la volti 6 lenye waya safi linamulika vizuri, na lenye waya chafu ni mshumaa.

Fyuzi nisiisahau. Kuna zile fyuzi za zamani zenye umbo kama risasi, kipande cha plastiki au kauri na kibati kimelala wazi kwa nje, magari mengi ya Ulaya yanazo. Zile zinaweza kuwa nzima kabisa na zisipitishe umeme kwa sababu ya kutu kwenye ncha. Kabla ya lolote, zima taa, zizungushe kwa vidole pale pale zilipo, washa tena. Msicheke, nimeshaponya magari mawili barabarani kwa vidole. Ukirudi nyumbani zitoe, piga msasa laini kwenye ncha na kwenye vishikio. Na mkumbuke kuna magari ambayo dimu ya kushoto ina fyuzi yake, dimu ya kulia yake, fuli kushoto, fuli kulia, kila moja na yake. Kuna mengine, hasa ya Uingereza ya zamani, taa kubwa hazina fyuzi kabisa. Hakuna! Waya ukichubuka ukagusa bodi unachokiona kwanza ni moshi.

Sasa nije kwenye swichi na dipa, na hapa nina kisa kinachonisisimua mpaka leo.

Tulikuwa watatu kwenye gari kubwa la Kimarekani, nalo la mwenzetu, usiku, tunashuka mteremko wenye kona. Fuli imewashwa. Ghafla taa zote mbili zikazimika, giza tii kama mtu amefunika macho yetu kwa blanketi. Mwenzetu akakanyaga breki, tunaomba kila mmoja kwa namna yake, na kabla hatujasimama taa zikarudi zenyewe. Tukapumua. Dakika moja baadaye zikazimika tena. Zikarudi. Zikawa zinakonyeza namna hiyo mpaka tulipoweka dimu ndipo zikatulia, tukafika tumelowa jasho.

Nini kile? Magari mengi ya Kimarekani ya enzi zile hayana fyuzi ya taa kubwa, yana kikata umeme ndani ya swichi yenyewe, kibati kinachojikunja kikipata joto. Umeme ukizidi kinapata moto, kinajikunja, kinakata, kikipoa kinarudi. Waliokibuni walikuwa na hoja nzuri, fyuzi ikiungua umebaki gizani moja kwa moja, hiki angalau kinakurudishia taa. Kwa hiyo taa kubwa zikikonyeza zenyewe baada ya muda fulani wa kuwaka, usifikirie balbu, fikiria moto ndani ya swichi. Ama kuna waya unachubuka mahali, ama swichi imechoka miguu yake inapata joto, ama, na hii ndio ilikuwa ya mwenzetu, mtu ameweka balbu za wati nyingi kuliko swichi ilivyozoea. Na hakutuambia! Tulimsamehe lakini ilichukua muda.

Dipa za mguuni sijui wangapi humu wanazo, ile ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto kubadilisha fuli na dimu. Nazipenda sana lakini mtu aliyeiweka pale alisahau kwamba binadamu wana viatu. Maji, tope, mchanga, vyote vinashukia pale pale. Dalili yake ni kwamba dimu inawaka fuli haiwaki, au kinyume chake, au ukikanyaga mara tano ndio inashika. Ikiwa pande zote mbili zimepoteza dimu kwa wakati mmoja na fuli iko hai, uwezekano wa balbu mbili kuungua uzi ule ule siku ile ile ni mdogo sana, anza na dipa. Ichomoe, washa taa, unganisha nyaya zilizokuwa zinaingia kwake kwa kipande cha waya, wa kuingia na wa dimu, taa zikiwaka vizuri umempata. Nyingine zinafunguka ukazisafisha, nyingine zimepigwa ribiti, hizo tafuta mpya.

Na sasa nisikilizeni kuhusu rilei, swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, maana ndio dawa ninayoiamini kuliko zote. Fuli mbili za wati 60 ni wati 120, karibu ampea 10. Kwenye gari nyingi za zamani hizo ampea zote zinatoka betri, zinaingia mpaka ndani kwa dereva, zinapita kwenye swichi, zinakwenda kwenye dipa, alafu ndio zinarudi mbele tena kwenye taa ambazo zilikuwa hatua mbili tu kutoka betri. Safari yote hiyo ya nini? Weka rilei mbili karibu na taa, moja ya dimu moja ya fuli. Mguu wa rilei wenye namba 30 unavuta umeme kutoka betri kwa waya mnene, wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa taa za kawaida, na fyuzi iwe karibu na betri kadri inavyowezekana. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Ule waya wa zamani uliokuwa unaleta umeme wa taa unaingia 86, na 85 inakwenda ethi. Basi swichi yako ya mwaka 1960 inabaki kubeba ampea 0.2 hivi za kuamsha rilei, itaishi kukushinda. Na taa unazozijua zitakushangaza, wengine wanadhani wamebadilishiwa balbu.

Wale wa kusema gari litapoteza uasili wake, rilei zinafichika nyuma ya grili, na hakuna waya wa zamani unaokatwa. Mimi uasili wa kutoona shimo barabarani siutaki.

Kuhusu rangi za waya nina neno, na hapa ndipo mtu anaweza kuunguza gari. Jamaa mmoja alizoea magari ya Kijerumani miaka yote. Kwenye Mjerumani waya wa kahawia ni ethi, mweupe ni fuli, wa njano ni dimu, mwekundu ni umeme wa moja kwa moja. Akaazimwa gari la Kiingereza arekebishe taa. Akaona waya wa kahawia umening'inia, akasema aaah hii hapa ethi imetoka, akaifunga kwenye bodi. Kwenye gari la Kiingereza kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, hauna hata fyuzi! Alisimulia mwenyewe kwamba ganda la waya lilichemka kama maziwa. Bahati spana ilikuwa karibu, akachomoa betri. Huko kwa Waingereza ethi ni nyeusi, buluu inatoka kwenye swichi kwenda dipa, buluu yenye mstari mweupe ni fuli, buluu yenye mstari mwekundu ni dimu. Kwa hiyo kabla ya kugusa jiulize gari limezaliwa wapi. Na hata ukijua, usiamini, pima, kwa sababu katika miaka 50 hilo gari limepita mikono ya watu ambao waya wowote kwao ulikuwa waya.

Mtu mmoja alinitumia swali kabla ya mkutano, anasema balbu zake zinaungua kila mwezi, amebadilisha aina tatu. Huyo shida yake ni kinyume cha yote niliyosema, umeme wake ni mwingi mno. Awashe injini, aipandishe kidogo, apime betri. Akiona 13.8 mpaka 14.4 hivi ni sawa, akiona 15 na nusu, 16, regyuleta, kile kidhibiti cha volti za kuchaji, imekufa na inapika balbu pamoja na betri. Na mwenye dainamo, ile mashine ya kuchaji ya zamani, badala ya alteneta asishtuke taa zikififia injini ikiwa sailensa, dainamo kwenye mzunguko mdogo haizalishi kitu cha maana, hapo unakula betri. Ukikanyaga mafuta na mwanga ukapanda, ni tabia yake.

Lingine ni hili la kuongeza balbu kubwa. Naona kijana pale anatabasamu. Wati 100 eti zinamulika kweli! Zinamulika soketi ikiyeyuka. Nyaya za gari lako zilihesabiwa kwa balbu ndogo, balbu nyingi za zamani za Ulaya zilikuwa na wati 45 za fuli na 40 za dimu tu. Na mkumbuke zile taa za silibimu, kioo cha mbele na rifleka, ile sahani ya nyuma inayorudisha mwanga, na nyuzi vyote vimefungwa pamoja kama chupa, Marekani walizifanya za lazima kuanzia magari ya 1940, ukiungua uzi unatupa taa nzima. Uzuri wake ni kwamba kila ukibadilisha unapata na rifleka mpya. Sisi wenye taa za kubadilisha balbu tunasahau rifleka, balbu mpya kila mwaka na nyuma yake rifleka imekuwa ya kijivu kama sufuria ya zamani. Chungulia ndani kwa tochi. Kama huoni uso wako, hakuna rilei wala balbu itakayokusaidia, mwanga unazaliwa na kufia humo humo. Usiisugue kwa kitambaa, ile fedha ni nyembamba mno utaimaliza, ipeleke ipakwe upya au tafuta nyingine.

Balbu za LED kwenye rifleka ya zamani? Hili tutagombana. Rifleka na kioo vilichorwa kwa uzi mdogo uliokaa sehemu moja kamili. Ukiweka LED ambayo chanzo chake cha mwanga hakijakaa pale pale, unachopata ni mng'ao kila upande, wewe unaona matawi ya miti na mwenzako anayekuja haoni chochote. Alafu LED ina chanya na hasi yake, kwenye gari la ethi chanya nyingi haziwaki kabisa wakati balbu ya kawaida haijali umeme umeingilia upande gani. Mimi bado niko na H4 ya kawaida, balbu ya halojeni ya nyuzi mbili, wati 60 za fuli na 55 za dimu, teknolojia ya 1971, na waya safi. Ukiishika usiguse kioo chake kwa vidole, yale mafuta ya ngozi yanaunguza doa na balbu inakufa mapema.

Na baada ya kurekebisha, elekeza taa! Simamisha gari sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, upepo wa matairi uko sawa, ukate wa dimu ukutani, yaani mstari ambapo mwanga unaishia kwa juu, ushuke kama sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa. Na angalia kioo cha taa yako ni cha nchi za kuendesha kushoto au kulia, kwa sababu dimu inapanda upande mmoja kumulika pembeni mwa barabara, kioo kikiwa cha upande usio wako huo mkono wa mwanga unaingia machoni mwa wanaokuja.

Nimesema sana, mwenyekiti ananionyesha saa. Mita ninayo, kipande cha waya kile cha mita moja na nusu ninacho, ni kile kile cha yule mzee, aliniachia. Mwenye gari la kijani tangulia ukafungue boneti na uwashe dimu, na mtu mmoja akae ndani aangalie dashibodi atuambie kama kale ka buluu kanawaka.